Mzazi kama Mhakiki: Dhana ya "Kitabu Hai" ya Charlotte Mason na Uteuzi wa Mtaala wa Nyumbani kwa Mtoto wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu elimu ya nyumbani kwa kawaida huelekezwa kwenye sheria au kwenye matokeo ya mitihani. Kwa upande wa sheria, huulizwa iwapo mzazi ana haki ya kutompeleka mtoto shuleni. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 humtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule. Nchini Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka msingi wa uandikishaji wa lazima katika shule za msingi. Kwa upande wa matokeo, huulizwa iwapo mtoto aliyefundishwa nyumbani anawafikia wenzake. Makala hii inaviacha vipengele hivyo viwili kwa wataalamu wake. Inashughulikia swali linalopata nafasi finyu, ingawa mzazi hukutana nalo siku ya kwanza: mtoto mdogo atakayefundishwa nyumbani, iwe kwa muda wote au kwa saa za baada ya shule, ateuliwe vitabu kwa kigezo gani?

Hoja ya msingi inayotetewa hapa ni kwamba uteuzi wa mtaala wa nyumbani ni tendo la uhakiki wa fasihi. Mzazi anaposema kitabu hiki kisomwe na kile kiachwe, anatoa hukumu kuhusu lugha, muundo, maudhui na msimamo wa msimulizi, hata kama hatumii istilahi hizo. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mzazi anayepokea orodha iliyotungwa na mwingine amepokea pia uhakiki wa mwingine. Ili kuithibitisha hoja hii, makala inachunguza kitabu cha Charlotte Mason kiitwacho Home Education, kilichochapishwa mwaka 1886, pamoja na orodha za vitabu zilizochipuka kutokana na fikra zake. Kitabu hicho kimeteuliwa kwa sababu ni miongoni mwa vitabu vilivyouathiri sana ufundishaji wa nyumbani katika nchi zinazotumia Kiingereza, na athari hiyo huwafikia pia wazazi wa Afrika Mashariki wanaotafuta mitaala kwenye intaneti.

2.0 Matini na Msomaji Wake

Mason alizaliwa mwaka 1842 na kufariki mwaka 1923. Home Education ilitokana na mihadhara aliyowapa wanawake wa Bradford, na inahusu malezi na mafunzo ya watoto wasiozidi miaka tisa. Mwaka 1887 ulianzishwa muungano wa wazazi wenye kufuata mawazo yake, na mwaka 1891 ikaanza shule ya kwa njia ya posta, iliyozitumia familia ratiba za masomo, majina ya vitabu na mitihani ya kila muhula. Kwa hiyo, kile ambacho leo huitwa kifurushi cha mtaala wa nyumbani kilikuwepo tangu karne ya kumi na tisa.

Maudhui ya kitabu ni mepesi kueleza. Mtoto aliye chini ya miaka sita asipewe masomo rasmi. Akae nje kwa saa nyingi, aione miti, ndege na mawingu kwa macho yake mwenyewe. Masomo yanapoanza, yawe mafupi, yasizidi dakika ishirini. Tabia njema zijengwe mapema. Mtoto asomewe kifungu mara moja tu, kisha asimulie alichokisikia bila kuulizwa maswali na bila kukatizwa. Vitabu atakavyosomewa viwe hai, yaani viwe vimeandikwa na mtu anayelipenda jambo analolieleza, kwa lugha yenye ubora wa kifasihi, na vibebe mawazo badala ya kulundika taarifa kavu. Kinyume cha kitabu hai ni maandishi yanayomshusha mtoto hadhi kwa kumdhania hawezi kuelewa. Kwa Kiswahili neno linalostahili maandishi ya aina hiyo ni porojo.

Msomaji anayekusudiwa si vigumu kumtambua. Ni mama wa tabaka la kati wa Uingereza ya enzi za Malkia Victoria, mwenye bustani, mwenye nafasi ya kutembea mashambani na mwenye yaya nyumbani. Hata hivyo, ni kosa kuishia hapo na kukihukumu kitabu kuwa ni cha wenye nacho tu. Kuanzia mwaka 1914 ratiba za Mason zilitumiwa katika shule ya kawaida ya Drighlington, Yorkshire, kwa watoto wa wafanyakazi. Msimamo wake kwamba mtoto wa maskini anastahili kitabu kilekile anachosomewa mtoto wa tajiri ulikuwa na uzito wa kimaadili, na bado unao. Tatizo la kitabu liko kwingine.

3.0 Ukinzani wa Taswira Mbili

Katika falsafa ya Mason kuna taswira mbili za mtoto ambazo hazikai pamoja kwa amani. Ya kwanza ni ya mtoto aliyezaliwa akiwa mtu kamili. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza katika muhtasari wa falsafa yake, na ndiyo inayohalalisha usimulizi usiokatizwa: anayesimulia ni mtu, hivyo asikilizwe. Taswira ya pili imo katika sehemu ya Home Education inayozungumzia tabia. Humo mama ni kama mjenzi wa reli. Hulaza vyuma, na maisha ya mtoto hupita juu yake. Mason aliitegemeza taswira hiyo kwenye fiziolojia ya wakati wake, iliyoeleza kwamba mazoea huacha njia katika ubongo.

Mtu kamili na treni ni sitiari mbili zenye mielekeo tofauti. Mtu huchagua, treni huenda ilikopangiwa. Mason mwenyewe aliiona mvutano huo kwa kiasi fulani, ndiyo maana aliandika kwa kirefu kuhusu utashi na dhamiri. Lakini katika suala la vitabu hakuufumbua. Mtoto hupewa uhuru wa kusimulia, ila hana sauti kuhusu kinachosimuliwa. Uteuzi wa kitabu ndio reli yenyewe, na unaoelekezwa na reli hiyo ni ulimwengu ambao mtoto atauona kuwa wa kawaida. Kwa hiyo swali la nani ameitunga orodha si la pembeni. Ni swali la kiini.

4.0 Orodha na Sauti: Mfano wa Mwana wa Ndovu

Baada ya vitabu vya Mason kuchapishwa upya Marekani katika miaka ya 1980, wazazi walitunga mitaala mipya inayofuata kanuni zake. Maarufu zaidi ni AmblesideOnline, inayopatikana bila malipo, ambayo huugawa mwaka katika wiki 36 na kuorodhesha cha kusoma katika kila wiki. Katika mwaka wa kwanza, mtoto wa miaka sita au saba hukutana na hekaya za Esopo, Our Island Story ya H. E. Marshall iliyochapishwa mwaka 1905, na Just So Stories ya Rudyard Kipling ya mwaka 1902. Orodha hii huwavutia wazazi kwa sababu mbili za haki: haina gharama ya ada, na vitabu vyake vingi havina porojo.

Tukichukua hadithi ya Kipling kuhusu mwana wa ndovu, tunaona ugumu wa hukumu inayomkabili mzazi. Mwana wa ndovu huuliza maswali yasiyokwisha, jamaa zake humchapa kwa kuuliza, naye husafiri hadi mto Limpopo kumtafuta mamba. Mamba humvuta pua hadi ikawa mkonga, kisha ndovu hurudi na kuwachapa waliokuwa wakimchapa. Kwa kipimo cha Mason hiki ni kitabu hai. Lugha yake inacheza, udadisi wa mtoto unashinda, na msimulizi humwita msikilizaji wake kwa upendo. Zaidi ya hayo, asili yake ni sauti. Kipling aliwasimulia wanawe kabla ya kuandika, na jina la kitabu linatokana na sharti la binti yake kwamba hadithi isimuliwe vilevile, bila neno kubadilishwa.

Ila kwa mtoto wa Mombasa au Morogoro kuna jambo la ziada. Hadithi hii ni ngano ya usuli, utanzu ambao nyumbani kwao haukosi mfano. Ngano ya kwa nini gamba la kobe lina nyufa husimuliwa katika jamii nyingi za Afrika. Mtaala ukimpa ngano ya usuli ya Kipling pekee, unamfundisha jambo ambalo halikuandikwa popote katika orodha: kwamba wanyama wa Afrika huwa hadithi wanaposimuliwa kwa Kiingereza, na kwamba kile alichokisikia kwa bibi hakikuwa somo. Mtoto huyo atajifunza kuitikia "pakawa" kama mchezo na kusimulia Kipling kama elimu. Hasara ya aina hiyo haionekani katika mtihani wowote.

Pia ipo tofauti ya kinadharia. Katika utambaji wa ngano, fanani na hadhira huumba pamoja. Hadhira huitikia, huimba, na fanani hubadilisha tukio kulingana na waliokaa mbele yake. Katika usimulizi wa Mason, chapa hutangulia na sauti hufuata. Mtoto huruhusiwa kusema kwa namna yake, lakini kipimo cha mwisho ni uaminifu kwa kitabu. Njia zote mbili hunoa usikivu na kumbukumbu. Hata hivyo, moja humlea mpokeaji makini, na nyingine humlea mrithi wa sanaa ambaye naye ana ruhusa ya kutunga. Mtaala wa nyumbani wa Kiswahili hauna sababu ya kuacha mojawapo.

5.0 Mapokeo ya Mafunzo ya Nyumbani katika Fasihi ya Kiswahili

Mtu anaweza kudai kwamba dhana ya mtaala wa nyumbani ni ngeni kwa Waswahili. Dai hilo halisimami mbele ya matini. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, ni mafunzo ya mama kwa binti yake, na hali ya ufundishaji imechorwa mwanzoni mwake: binti huitwa akae karibu, naye aje na wino na karatasi. Hapa mpangilio wa Mason umegeuzwa. Sauti ya mama hutangulia, na mkono wa binti huigeuza kuwa maandishi. Karibu karne moja baadaye, Shaaban Robert alimtungia mwanawe Utenzi wa Adili na binti yake Utenzi wa Hati. Mzazi mtunzi, katika mapokeo haya, haazimi orodha. Yeye mwenyewe ndiye chanzo cha matini.

Hata hivyo, mapokeo yetu nayo hayana budi kupita katika chujio lilelile. Mwana Kupona alimwandikia binti aliyekaribia utu uzima, si mtoto wa miaka saba, na wahakiki wa mrengo wa kifeministi wamehoji kwa haki namna utendi huo unavyosisitiza utii wa mke kwa mume. Kumpa mtoto utendi huo kwa sababu tu ni wa kwetu kungekuwa kuirudia reli ya Mason kwa vyuma vya Pate. Vivyo hivyo, si kila kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa kwa ajili ya watoto ni kitabu hai. Vipo vinavyotunga kisa dhaifu ili kufikia funzo la aya ya mwisho, na hivyo humdharau msomaji mdogo sawasawa na porojo aliyoilaumu Mason. Kazi iliyofanywa na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania tangu mwaka 1991 imepanua uwanja wa uteuzi. Lakini upana wa uwanja haumwondolei mzazi wajibu wa kuhakiki.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba thamani ya Home Education kwa mzazi wa Kiswahili imo katika kigezo chake kuliko katika orodha zilizozaliwa nacho. Kigezo cha kitabu hai kinaweza kuvuka bahari kwa sababu kinahusu uhusiano wa mwandishi, lugha na msomaji. Orodha haivuki kwa urahisi kwa sababu inabeba historia na jiografia ya walioitunga. Inapendekezwa, basi, kwamba kigezo hicho kiongezewe masharti mawili. Kwanza, kitabu kiulizwe kinamweka wapi mtoto huyu: ndani ya ulimwengu unaosimuliwa, au dirishani akiutazama. Pili, masimulizi ya wazee yahesabiwe kuwa matini kamili ya mtaala, yapangiwe muda na yasimuliwe upya na mtoto, sawa na kitabu chochote kilichochapwa.

Kwa masharti hayo, hadithi ya mwana wa ndovu haitahitaji kufukuzwa nyumbani. Itasomwa jioni moja, na jioni ya pili bibi atatamba ya kobe, kisha mtoto aulizwe ipi ameipenda na kwa nini. Swali hilo la mwisho Mason hakulipa nafasi ya kutosha, ingawa kanuni yake ya kwanza inalidai. Mtoto aliye mtu kamili ana haki ya kuwa mhakiki, na mtaala unaomnyima haki hiyo, uwe wa Ambleside au wa Lamu, unamlaza kwenye reli.