Nani Ashikaye Kalamu: Hukumu ya Kifo katika Vitabu Viwili vya Marekani

Mwandishi wa habari za mauaji ana madeni mawili. La kwanza ni kumtendea haki aliyeuawa. La pili ni kumtendea haki aliyeua. Deni la kwanza ni zito, na la pili ni zito zaidi, maana msomaji hapendi kuombwa amtazame mwuaji kama mtu. Vitabu viwili vya Marekani vyafaa kupimwa pamoja kwa mizani hiyo: In Cold Blood cha Truman Capote, kilichotoka mwaka wa 1966, na A Lesson Before Dying cha Ernest Gaines, kilichotoka mwaka wa 1993. Kimoja chasimulia mambo yaliyotukia. Kingine ni riwaya ya kubuni. Vyote viwili vyaelekea mahali ambapo serikali huua. Lakini kila kimoja chafika huko kwa njia yake, na katika tofauti ya njia hizo ndimo ilimo tofauti ya thamani yao.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 1959, Richard Hickock na Perry Smith waliingia katika nyumba ya Herbert Clutter, mkulima wa ngano katika kijiji cha Holcomb, jimbo la Kansas. Hickock alikuwa ameambiwa gerezani na mfungwa mwenziwe kwamba nyumbani humo mlikuwa na sanduku la chuma lenye dola 10,000. Sanduku hilo halikuwapo. Clutter, mkewe Bonnie, binti yao Nancy na mwana wao Kenyon walifungwa kamba wakauawa, na wauaji wakaondoka na kiasi cha dola 40 au 50. Mwaka wa 1960 walihukumiwa kifo, na tarehe 14 Aprili 1965 wakanyongwa katika gereza la jimbo.

Jina la kitabu cha Capote lina maana ya kuua kwa makusudi, pasipo joto la hasira. Msomaji hudhani mwanzoni kwamba jina hilo lawahusu wauaji peke yao. Afikapo mwisho huona kwamba laweza kuihusu serikali pia. Perry Smith, kama aelezwavyo humo, aliua katika ghadhabu ambayo yeye mwenyewe hakuielewa. Serikali ilimwua baada ya miaka mitano ya mashauri, kwa karatasi zilizotiwa sahihi na saa iliyopangwa. Capote halitamki neno hilo waziwazi; amelitia katika jina la kitabu akamwachia msomaji aligundue. Huo ni ustadi mkubwa.

Ustadi mwingine umo katika habari za mahakama. Kwa sheria ya Kansas ya wakati ule, daktari wa akili aliyeitwa kutoa ushahidi aliruhusiwa kujibu swali moja tu, yaani, je, mshtakiwa alijua jema na baya alipotenda tendo lake? Alipotaka kueleza zaidi alizuiwa. Hapo Capote asimamisha kesi, na katika kurasa zake aandika yale ambayo daktari angaliyasema kama angaliruhusiwa: utoto wa Smith uliojaa mapigo ya walezi, na akili yake iliyovurugika. Kitabu chasikia kile ambacho mahakama ilikataa kukisikia. Ikiwa fasihi ina kazi yo yote mbele ya sheria, kazi hiyo ni mojawapo.

Walakini kitabu hiki kina ila, na ila yenyewe si ndogo. Capote aliwazuru wafungwa wale kwa miaka mingi, akapokea barua zao na siri zao, na usiku wa kunyongwa alikuwapo gerezani. Humo kitabuni haonekani. Msomaji aonyeshwa kitanzi kwa macho ya mpelelezi Alvin Dewey, kana kwamba mwandishi hakuwako. Tena kitabu hakikuweza kuisha kabla ya kesi kuisha, na mwisho uliokifaa zaidi ulikuwa kifo. Mtu aliyejiita rafiki wa wafungwa alikuwa na haja ya kitanzi kama serikali ilivyokuwa nayo. Jambo hilo, ambalo ndilo lingalikuwa kiini cha kisa, limefichwa. Na kana kwamba mwisho wa kweli ulikuwa mchungu mno, Capote aliongeza mazungumzo ya upole kati ya Dewey na rafiki wa marehemu Nancy makaburini. Mazungumzo hayo hayakutokea, aliyatunga. Kitabu kilichotangazwa kuwa ni kweli tupu chafungwa kwa jambo la kubuni, na jambo hilo lamtuliza msomaji mahali ambapo hakustahili kutulizwa.

Gaines ashika njia nyingine. Riwaya yake imewekwa Louisiana, miaka ya 1940. Kijana mweusi aitwaye Jefferson yumo dukani wakati wenziwe wawili na mwenye duka wanapouana kwa risasi. Amebaki hai peke yake, na kwa hofu na upumbavu anakunywa pombe ya duka na kuchukua fedha. Watu 12 wa baraza la hukumu, Wazungu wote, wamwona ana hatia. Wakili wake, akitaka kumwokoa, asema kwamba kumkalisha kijana huyu katika kiti cha umeme ni sawa na kumkalisha nguruwe. Utetezi huo haumwokoi, ila wamwua mara mbili: Jefferson alikubali neno lile, na gerezani apiga magoti na kula chakula kwa mdomo kama mnyama. Mama yake wa ubatizo, Bibi Emma, haombi mwujiza. Aomba mwalimu wa shule, Grant Wiggins, amfundishe kijana wake kufa kama mtu.

Kisa hiki hakikutoka hewani. Katika jimbo hilohilo, tarehe 3 Mei 1946, kijana aitwaye Willie Francis alikalishwa katika kiti cha umeme kilichosafirishwa kwa lori, na kiti kikashindwa kumwua. Mwaka wa 1947 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba yafaa arudishwe kitini, na tarehe 9 Mei mwaka huo akauawa. Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa Louisiana ya Gaines wakata upande mmoja.

Lakini Gaines hatosheki kuishtaki mahakama. Ageuza jicho lake shuleni. Shule ya Grant imo kanisani, katika makao ya wafanyakazi wa shamba, na mkaguzi ajapo hutazama meno ya watoto kama mnunuzi wa watumwa. Grant naye, ambaye hawezi kumjibu sherifu wala mkaguzi, awapiga watoto kwa rula. Hapo mwandishi aonyesha jinsi jeuri ishukavyo ngazi kwa ngazi: kutoka baraza hadi gereza, kutoka gereza hadi darasa, mpaka imfikie aliye mdogo kabisa, asiye na wa kumpiga. Mwalimu aliyetumwa kumfundisha mwingine utu hana budi kwanza aujue ukatili wake mwenyewe.

Kisha Grant ampelekea mfungwa daftari na penseli. Kilele cha riwaya kimo humo. Kwa sura nzima msimulizi anyamaza, na Jefferson aandika mwenyewe, kwa tahajia yake mbovu, bila nukta wala herufi kubwa. Mtu aliyeitwa nguruwe ashika kalamu, na tangu hapo neno lile haliwezi kumshika tena. Saa ya kifo Grant hayuko gerezani; yuko nje ya shule, na wanafunzi wake wamepiga magoti ndani. Kijana askari ndiye aletaye daftari na habari kwamba Jefferson alikuwa na nguvu kuliko wote waliokuwamo chumbani. Mwalimu arudi darasani akilia mbele ya watoto wale aliokuwa akiwapiga. Gaines hamtulizi msomaji kwa uongo.

Mhakiki mwadilifu hana budi kutaja hoja iliyo kinyume. Jefferson hakuua. Ni rahisi kumhurumia asiye na hatia. Capote alijitwika mzigo mgumu zaidi, akawaleta mbele ya msomaji watu waliowachinja watu wanne wa jamaa moja. Tena aliwapa akina Clutter siku yao ya mwisho, kwa upole na ukamilifu, ilhali mwenye duka wa Gaines ni kama kivuli. Hoja hii ni kweli, na uzito wake hauishii vitabuni. Tarehe 14 Februari 2018 kijana wa miaka 19 aliwaua watu 17 katika shule ya Parkland, Florida. Hatia yake haikuwa na shaka; aliikiri mwenyewe. Mwaka wa 2022 watu 9 wa baraza walitaka afe, na 3 wakakataa. Kwa kuwa sheria iliwataka wote 12 wawe na neno moja, alipewa kifungo cha maisha. Mwaka wa 2023 jimbo lilibadili sheria, kura 8 zikatosha. Dawa ya moto ni moto, na wazazi waliozika watoto hawawezi kulaumiwa kwa kuisema methali hiyo. Lakini Jefferson hawezi kuijibu methali hiyo, maana yeye hakuwasha moto wo wote. Wa kuijibu, kama jibu lipo, ni mwenye hatia.

Kwa hiyo vitabu hivi vyadaiana. Capote alimtazama mwenye hatia usoni, lakini hakumwachia kalamu, wala hakusema yeye mwenyewe alingoja nini pale gerezani. Gaines alimpa mhukumiwa kalamu, lakini alimchagua mhukumiwa asiye na damu mikononi. Kitabu cha Gaines ni bora, kwa sababu hakimfichi mwalimu aliyesimulia, bali chamshtaki pamoja na wengine. Hata hivyo mizani iliyowekwa mwanzoni haijajaa. Kingali kinangojwa kitabu ambacho ndani yake aliyeuawa aonekana mzima, aliyeua aandika kwa mkono wake, na mwandishi asimama kati yao bila kujificha.