Hofu, Chuki au Ubaguzi?

Neno "transifobia", linalotumika kwa wale wanaowakataa watu waliobadili jinsia, mimi linanikwaza. Mkia wake ni Kigiriki: hofu. Sasa hofu ya nini? Mtazame Audrey Mbugua wa Kenya, mwanamke ambaye alipozaliwa aliandikwa mvulana. Baraza la Mitihani lilikataa kubadili jina kwenye cheti chake cha kidato cha nne, mpaka Mahakama Kuu ilipoliamuru mwaka 2014. Nani alitetemeka pale? Hakuna, bwana! Wengine wanatafsiri "chuki". Afadhali, ila karani anaweza kukunyima cheti huku anatabasamu. Mimi katika riwaya yangu nitaandika "ubaguzi". Hofu ya mtu utaishtakije? Na bila cheti chenye jina lako, kazi utaiombaje?