Dainamo Iliyohama: Jinsi Lino Tonti Alivyoishusha Moto Guzzi

Moto Guzzi V7 ilipoanza kuuzwa mwaka 1967, kifaa kilichoamua umbo lake lote kilikuwa dainamo. Ilikaa juu ya injini, katikati ya silinda mbili zilizotanuka kwa umbo la V, ikizungushwa na mkanda uliotoka mbele ya kranki. Fremu ikalazimika kupita juu ya dainamo, tangi likakaa juu ya fremu, na dereva akapanda mashine iliyoinuka sana, tulivu kwenye barabara iliyonyooka lakini nzito kuilaza kwenye kona. Miaka minne baadaye mhandisi Lino Tonti aliiondoa dainamo hiyo mahali pake. Mengi yanayompendeza mtu anayemiliki Guzzi ya safari ya miaka ya 1970, na baadhi ya yanayomsumbua, yanaanzia hapo.

Injini yenyewe ilikuwa kazi ya Giulio Cesare Carcano, aliyekwisha kuijengea Guzzi jina kubwa kwenye mashindano. Katika enzi yake kiwanda cha Mandello del Lario, kando ya Ziwa Como, kilitwaa ubingwa wa dunia wa cc 350 miaka mitano mfululizo, kuanzia 1953 hadi 1957, na kikaunda pikipiki ya mashindano ya cc 500 yenye silinda nane. V7 ilikuwa kazi ya namna nyingine kabisa. Ililengwa kwa polisi wa Italia, kwa hiyo ilitakiwa ishinde barabarani kutwa nzima, ivumilie matunzo hafifu, na fundi wa kawaida aweze kuifungua bila vifaa vya ajabu. Carcano akachagua silinda mbili zenye pembe ya nyuzi 90, jumla cc 703, na kranki akailaza kufuata urefu wa pikipiki.

Uamuzi huo wa kuilaza kranki ndio unaoitofautisha Guzzi na pikipiki nyingi. Pembe ya nyuzi 90 huwezesha vyuma vya kusawazisha kwenye kranki kufuta karibu mtikisiko wote wa msingi unaoletwa na pistoni kupanda na kushuka, ndiyo maana mikono haifi ganzi baada ya saa nyingi za safari. Vichwa vya silinda vimetokeza kulia na kushoto na vyote viwili hupigwa na upepo. Hakuna kinachopata joto la mwenzake. Na kwa kuwa kranki imekwisha kuelekea nyuma, nguvu hupita kwenye klachi kavu ya aina ya gari, ikaingia giaboksi, kisha propela, na inageuza mwelekeo mara moja tu, kwenye gia za gurudumu la nyuma. Kila dereva wa bodaboda anaijua kazi ya kukaza cheni na kuipaka oili kila mara, halafu kuibadilisha pamoja na meno yake. Mwenye Guzzi hana kazi hiyo. Propela inazunguka ndani ya mkono wa kulia unaoshika gurudumu la nyuma, imefungiwa mbali na vumbi na mvua.

Lakini mpangilio huo una madai yake kwa dereva. Ukivuta mafuta pikipiki ikiwa imesimama, inainama upande wa kulia, kwa kuwa kranki na flaiwili nzito vinazunguka kwa mhimili wa urefu. Ukikata mafuta ghafla katikati ya kona, propela inaishusha sehemu ya nyuma wakati ule ule unapoihitaji ibaki juu. Gia nazo hazitaki haraka, ukizilazimisha zinagonga. Anayezoea hujipangia mapema: anapunguza mwendo kabla ya kona, anachagua gia, kisha anavuta mafuta kwa usawa mpaka atokee upande wa pili. Kwangu hilo ni jambo jema, kwa sababu ndiyo namna salama ya kupita kona kwa pikipiki yoyote. Hii inaifundisha kwa nguvu zaidi tu.

Carcano aliondoka Guzzi mwaka 1966. Tonti, aliyekuwa amepitia kampuni za Aermacchi, Bianchi na Gilera, akafika mwaka uliofuata. Kwanza aliikuza injini, na V7 Special ikatoka na cc 757. Mwaka 1969 pikipiki zilizotokana na V7, zikiwa zimepunguzwa uzito, ziliweka rekodi za dunia katika uwanja wa Monza. Injini, basi, ilikuwa imejithibitisha. Kilichobaki nyuma ni mwili ulioipa pikipiki kimo kikubwa mno.

Hapo ndipo dainamo ilipohama. Badala yake Tonti alifunga alteneta ya Bosch kwenye ncha ya mbele ya kranki, ndani ya kifuniko cha duara ambacho ukisimama mbele ya pikipiki unakiona mara moja. Injini ikarefuka kidogo kuelekea gurudumu la mbele, mahali ambapo nafasi ilikuwapo. Juu, kati ya silinda, pakabaki bonde tupu, na Tonti akaupitisha uti wa fremu humo humo. Tangi likashuka, kiti kikashuka, na uzito wote ukasogea karibu na ardhi. Kipenyo cha silinda nacho akakipunguza hadi milimita 82.5 ili injini iwe cc 748 na iweze kuingia katika daraja la mashindano la cc 750. Matokeo yake ni V7 Sport ya mwaka 1971, yenye gia tano na mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Zile za kwanza zilipakwa fremu rangi nyekundu, na leo bei zake ziko mbali na mifuko ya wengi.

Fremu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, hata kwa mtu asiyetaka kununua. Mabomba yake mengi yamenyooka na yamepangwa kwa pembetatu, na injini pamoja na giaboksi vimefungwa ndani yake kama sehemu ya muundo, vikisaidia kuizuia isijipinde. Mabomba mawili ya chini yamefungwa kwa bolti. Sababu ilikuwa ya lazima: fremu iliyobana injini kiasi hicho isingeiruhusu kutoka kama mabomba hayo yangechomelewa. Ustadi wa Tonti ni kwamba lazima hiyo iligeuka kuwa urahisi kwa fundi, kama nitakavyoeleza. Guzzi iliendelea kuitumia fremu ya asili hiyo katika pikipiki zake za modeli ya California mpaka karne hii, na sijui sifa gani kubwa zaidi ambayo mhandisi wa fremu angeweza kuomba.

V7 Sport ilikuwa ya mbio. Umbo lake lilipata kazi yake ya kweli lilipogeuzwa kuwa la safari. Mwaka 1974 ikaja 850 T, yenye fremu ya Tonti na injini ya cc 844, na mwaka 1975 ikaja T3 na breki zake za kuunganishwa. T3 ina diski tatu: mbili za milimita 300 mbele na moja ya milimita 242 nyuma. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanakwenda kwenye diski ya nyuma na pia ile ya mbele kushoto. Mkono wa breki kwenye usukani unashika diski moja tu, ya mbele kulia. Kwa kuwa diski ya nyuma ni ndogo, pedali hiyo moja inagawanya kazi kwa kadiri inayolingana na hali halisi, maana pikipiki inapofunga breki uzito wake hukimbilia mbele. Na kwa kuwa nyuma nako kunashikwa kwa wakati mmoja, mashine inakaa sawa badala ya kuchomeka pua.

Maana ya jambo hili inaonekana vizuri kwenye miteremko ya Alps, ambayo haiko mbali na kiwanda. Upande wa mashariki wa njia ya Stelvio, inayofika mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, una kona kali 48. Abiria yuko nyuma, mabegi yamejaa, na kila kona inataka breki. Dereva wa T3 anaweza kutumia mguu peke yake karibu njia nzima, vidole vikabaki vimeshika usukani kwa utulivu. Anayetoka kwenye pikipiki ya aina nyingine lazima aonywe: akizoea kubana mkono wa breki pekee, atakuwa amefunga theluthi ya diski zake.

Hatua iliyofuata ilihusu upepo. Guzzi ilikuwa na handaki lake la upepo pale Mandello tangu miaka ya 1950, kubwa kiasi cha kuingiza pikipiki kamili na mtu juu yake, lililojengwa kwa ajili ya mashindano. BMW ilipounda gamba la kukinga upepo la pikipiki yake R100RS ya mwaka 1976, ilikwenda Italia kutumia handaki la kampuni ya Pininfarina. Guzzi walikuwa na la kwao nyumbani. Humo wakaitengeneza 1000 SP ya mwaka 1978, yenye injini ya cc 949. Gamba lake ni vipande vitatu. Cha juu, chenye kioo, kimefungwa kwenye usukani na kinageuka nao. Viwili vya pembeni havigeuki. Vinakinga miguu na vina vibawa vidogo vya kulikandamiza gurudumu la mbele lisiwe jepesi kwenye mwendo mkubwa. Naiheshimu kazi hiyo zaidi ya mengi yaliyoundwa ili kuvutia macho dukani.

Kwa anayetaka kununua, silinda ndizo za kwanza kukaguliwa. T3 na SP za mwanzo zilikuwa na kuta za silinda zilizopakwa kromiamu, na kromiamu hiyo huanza kubanduka kwa uzee. Vipande vyake huingia kwenye oili na kula beringi na pampu. Silinda ya namna hiyo haichongwi. Hubadilishwa pamoja na pistoni yake kwa zile za koti gumu la nikeli, ambalo Guzzi yenyewe ilianza kulitumia baadaye. Muuzaji asipoweza kuthibitisha kuwa kazi hiyo imefanyika, ipunguze kwenye bei.

Filta ya oili ya T3 imejificha ndani ya sampu, kwa hiyo kuibadilisha ni kuifungua sampu nzima. Ni usumbufu, na ndiyo sababu wamiliki wengi wa zamani waliiruka kazi hiyo. Iulizie. Krosi ya propela ikaguliwe kwa kulichezesha gurudumu la nyuma, gia ikiwa imeingia. Tapeti, kwa upande mwingine, ni raha tupu: vifuniko viko hewani, tangi halitoki, na kwenye T3 nafasi ni milimita 0.22 kwa vali zote. Mtu mwenye fila geji na spana mbili anamaliza kabla chai haijapoa.

Klachi ikichoka, inabidi injini na giaboksi vitenganishwe, na hapo mabomba ya Tonti yenye bolti yanalipa. Unategemeza injini juu ya kigoda imara, unafungua nyaya na kabureta, unatoa mabomba ya chini, kisha watu wawili wanainyanyua fremu kutoka juu ya injini kama mtu anavyovuliwa kanzu. Injini nzito haibebwi na mtu. Kazi ambayo kwenye pikipiki nyingi za enzi hiyo ingetaka winchi, hapa inafanyika kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba.

Kati ya hizi zote ningechukua T3. SP inakinga upepo vizuri zaidi, lakini gamba lake lina vipande vingi vya kutafuta kikivunjika kimoja, na V7 Sport imekuwa mali ya wakusanyaji. T3 iliyobadilishwa silinda na mipira ya breki ina karibu kila kitu ambacho Carcano na Tonti walikuwa nacho cha kutoa, na vipuri vyake bado vinapatikana.