Aliyepiga Mbiu Ndiye Aliyefungiwa Mlango

Jioni ya tarehe 25 Novemba 2021 Uingereza iliziingiza Afrika Kusini, Botswana, Namibia, Lesotho, Eswatini na Zimbabwe kwenye orodha nyekundu ya usafiri kwa hofu ya Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona. Ulikuwa uamuzi mbovu, na aliyeutetea kwa jina la sayansi aliisingizia sayansi.

Kazi ya kuigundua ilikuwa safi: maabara za Gauteng ziliona vipimo vya PCR vikikosa jeni S, vinasaba vikasomwa, mfuatano ukawekwa kwenye hifadhidata ya GISAID, WHO ikaarifiwa tarehe 24.

Turudi kwenye orodha. Tarehe 26 Ubelgiji ilithibitisha mgonjwa aliyetokea Misri. Si Ubelgiji wala Misri iliyofungiwa. Uholanzi nayo ilipopekua sampuli zake za zamani ilikuta Omicron katika za tarehe 19 na 23, wakati zile ndege mbili za Afrika Kusini zilizozua kelele zilitua Schiphol tarehe 26. Amsterdam haikuguswa. Kwa hiyo kilichopimwa hakikuwa kirusi kiko wapi, bali nani kakitaja kwanza. Marekani ikafuata mkumbo, ikafungia nchi nane.

Tena vitendanishi vya kusomea vinasaba huja kwa ndege zile zile zilizositishwa. Tulio de Oliveira, mwanasayansi wa Afrika Kusini aliyeongoza usomaji huo, alilalamika hadharani kwamba vingemwishia. Yaani aliyeleta taarifa ananyang'anywa nyenzo za kuleta nyingine! Masharti ya GISAID yanamtaka mtumiaji wa data amtaje aliyeitoa. Sawa, lakini kutajwa si chanjo.

Wanaonisoma wanajua nitaitaja Indonesia. Mwaka 2007 ilizuia sampuli za mafua ya ndege, ikihoji kwa nini itoe kirusi bure kisha iuziwe chanjo kwa bei isiyoiweza. Iliitwa korofi. Mwaka 2011 WHO ikapitisha utaratibu wa kugawana manufaa, ila kwa mafua tu. Korona ikabaki nje. Nasi Tanzania tuliozima takwimu mwaka 2020 kwenye wagonjwa 509 hatuna mdomo wa kumsema mtu.

Katika kugawana data, mwanasayansi John Sulston na wenzake walifanya vizuri zaidi. Bermuda, mwaka 1996, walikubaliana mfuatano wa jinomu ya binadamu uwekwe wazi ndani ya saa 24, na hata washindani wao wa kibiashara wakachota. Hakuna aliyeadhibiwa kwa kuwahi.

Uingereza iliziondoa nchi zote 11 zilizokuwa zimeshaingia kwenye orodha yake nyekundu tarehe 15 Desemba, Omicron ikiwa imeshatapakaa London.