Kazi ya WD-40 Kwenye Gari, na Mahali Isipopaswa Kufika

Mwaka 1953 kampuni ya Rocket Chemical ya San Diego, Marekani, ilikuwa inatafuta dawa ya kufukuza maji kwenye chuma ili kisishike kutu. Fomula ya 40 ndiyo iliyokubali, ndiyo hii WD-40, na watengenezaji wa kombora la Atlas, kampuni ya Convair, wakaitumia kulinda ganda lake la nje. Ganda halizunguki wala halisagani na kitu. Lilihitaji kukingwa na unyevu tu. Hapo ndipo pa kuanzia kuielewa WD-40. Sehemu kubwa ya kilichomo ni kiyeyushi chepesi cha petroli ambacho hukauka na kuacha utando mwembamba wa mafuta. Kiyeyushi hicho hujipenyeza kati ya nati na bolti zilizoganda, na hichohicho huosha grisi kinapoikuta. Kwa hiyo ni dawa nzuri ya kufungulia na kukaushia, lakini beringi ya tairi ikipuliziwa hupoteza grisi yake na kubaki na utando usiohimili mzigo.

Wapo watakaosema mbona bawaba za mlango hunyamaza. Ni kweli, kwa kuwa mzigo wake ni mdogo na mafuta kidogo huzitosha kwa muda. Hoja ya mkanda wa feni ni ngumu zaidi: fundi anapuliza, mlio unakoma, mteja analipa. Lakini mkanda hulia kwa sababu umelegea, umechakaa, au puli ina hitilafu. Kuulowesha kunazima mlio na kuuongezea utelezi, wakati kazi yake ni kushika puli barabara. Oltaneta ikikosa mzunguko wa kutosha, betri haichaji ipasavyo, na chanzo cha mlio bado kipo palepale.

Nati za tairi zinadai uangalifu kuliko sehemu nyingine zote, maana diski ya breki iko nyuma yake tu. Funika diski kwa kitambaa, puliza kidogo kwa mrija, subiri dakika 10 hivi, kisha ingiza spana. Kabla ya kurudisha nati zifute zikauke, kwa sababu zikiwa na mafuta, nguvu ileile ya mkono huvuta bolti kupita kiasi. Kumbuka pia kwamba dawa hii inawaka: zima injini, acha egzosti ipoe, chomoa terminali hasi ya betri unapofanya kazi karibu na umeme, na usivute sigara. Kopo lenyewe halitakiwi kufikia nyuzi 50 za Selsiasi, joto ambalo dashibodi ya gari lililofungwa juani hulipita, basi usiliache humo. Na fundi akitaka kupulizia breki zinazolia, mzuie. Pedi zikinyonya mafuta hazishiki tena, na dawa yake ni kununua nyingine.