Mikononi mwa Somo

Katika kicheni pati moja Dar es Salaam nilimtazama kungwi wa kukodiwa akishindana na spika. Alikuwa hodari. Alipopata upenyo alimwinamia bibi harusi mtarajiwa, akamwuliza jambo sikioni. Binti akaacha kuchekea kamera. Nikasema moyoni, kazi ndiyo inaanza. Mshereheshaji akaamuru muziki. Ukumbi ulikuwa umelipiwa hadi saa nne.

Ufundi wa kungwi, ambaye Unguja humwita somo, haukuwa vituko vya kuchekesha wageni. Kwanza, hakuwa mama. Mambo ya mwili, ya hofu, ya kuamka ukajiona umekuwa mtu mwingine, binti na mama huoneana haya kuyasema. Basi mama mwenyewe alimtafuta mwanamke mwingine akamkabidhi mwana: wa karibu kiasi cha kukemea, wa mbali kiasi cha kuaminiwa siri. Na ukishakuwa na somo, ni wako. Ukijifungua, ukigombana na mume, ukiachika, mlango wake unaujua.

Wala hakuwa na papara. Huko kwa Wazigua na Washambaa mwali alionyeshwa vinyago vya udongo, kila kimoja na wimbo wake. Mtafiti Hans Cory alivikusanya, akavitolea kitabu mwaka 1956. Ni vidogo, vingine vya ovyoovyo kwa macho ya mgeni, kwa kuwa nusu ya kinyago ilikuwa kwenye wimbo, na wimbo wenyewe fumbo. Mwali alipewa kitu cha kutafuna akilini. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimshangilia kwa taarab. Kwao Unguja alikuwa pia mpiga ngoma ya unyago, mfundaji wa wari.

Sisemi yote yarudi. Wapo waliotolewa ndani wakapelekwa moja kwa moja kwenye ndoa, watoto bado. Na kwa wavulana, jando kuhamia hospitali ni salama zaidi. Ila kisu ndicho kilichohama, mafunzo ya kumbini yakaachwa njiani.

Washauri nasaha tunao, wengine mafundi kweli, lakini ni wachache na wengi wako mijini. Binti amemaliza chuo, kazi hana, amerudi chumba chake cha utotoni na hajitambui. Kila Idi anaulizwa ataolewa lini. Mama anaona mwana hayuko sawa, na mtu wa kumkabidhi hamjui.