Majibizano ya al-Biruni na Ibn Sina: Tahakiki ya Fani ya Mjadala

Aghalabu majibizano ya al-Biruni na Ibn Sina husomwa kama shindano, na wahakiki hutafuta nani alimshinda mwenziwe. Usomaji wa namna hiyo huipunja kazi yenyewe, kwani thamani yake imo katika fani: kila hoja hutengwa, hujibiwa peke yake, kisha jibu nalo huhojiwa.

Mnamo mwaka 1000 hivi, al-Biruni, mzaliwa wa Khwarazm (973), alimpelekea Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, maswali 18. Kumi yalihusu kitabu cha Aristotle juu ya mbingu, na manane yalihusu maumbile kwa jumla. Kiarabu hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao. Hata hivyo ndicho kilichobeba mjadala wote.

Ubora wa maswali hayo ni kwamba huanzia kwenye mambo yaonekanayo. Ikiwa hakuna utupu, mbona chupa iliyofyonzwa hewa huyavuta maji ndani? Mbona barafu huelea, ilhali ni baridi na ngumu kama ardhi? Ibn Sina alijibu kwamba maji yanapoganda hufungia ndani yake sehemu za hewa. Sasa yajulikana kuwa sababu ni kutanuka kwa maji yanapoganda. Jibu limepitwa, lakini swali limesimama.

Mjadala hudhoofika pale hoja inapomwacha Aristotle na kumwendea mtu. Ibn Sina anadai kwamba pingamizi fulani limetoka kwa Yahya al-Nahwi au kwa al-Razi, na anamkebehi al-Razi kwa kuvuka mipaka ya utabibu wake. Lakini kuitaja asili ya hoja si kuivunja. Al-Biruni naye, katika pingamizi zake za pili, alitumia maneno makali hata al-Ma'sumi, mwanafunzi wa Ibn Sina aliyeachiwa kazi ya kujibu, akayalalamikia.

Yapo hapa mafunzo kwa uhakiki wa Kiswahili, ambao wengi wa waandishi wake nao hawakuzaliwa katika lugha hiyo. Lugha ya kujifunza yaweza kubeba fikira nzito kabisa, mradi wanaojadiliana wakubali kuulizana waziwazi. Mhakiki anayeuliza kabila la mwandishi kabla ya kuipima hoja yake hurudia kosa la Ibn Sina, bila ya elimu ya Ibn Sina.